Baba Yako Ni Watu Watatu Kwenye Mafaili

Mguu wangu wa kushoto hauna mapigo, Limi. Daktari ametafuta juu ya unyayo, akatafuta nyuma ya kifundo, akatafuta mpaka nyuma ya goti, halafu akaniangalia. Ni ugonjwa uleule unaokwenda kuusomea. Niliambiwa Jumatano, wewe ukiwa unahangaika na picha za pasipoti, nikarudi nyumbani nikakupikia sato kama siku nyingine.

Basi nimeshasema. Sasa marahaba, maana najua ungeniamkia kwanza kama nilivyokulea.

Umekwenda Mkolani kumuaga shangazi yako Mbuke, na kwa jinsi dada wa baba yako anavyojua kuongea hutarudi kabla jua halijazama. Nimeketi jikoni, karatasi iko juu ya ndoo ya unga. Mimi ni wa darasa la saba, mwandiko utauvumilia. Sikuandikii habari za kula vizuri, wala za kufunga mlango, wala za wanaume. Hayo nimeyasema tangu una miaka kumi na mbili, na kama hayakuingia, hayataingia leo.

Nilipanga barua hii niitie ndani ya kopo la dagaa wa kukaanga nililokufungia. Uikute kesho ukisikia njaa, basi likiwa limeshaipita Shinyanga, usiweze kuteremka. Ndivyo nilivyopanga asubuhi.

Niache kwanza nijisifu, halafu yaje mengine. Soko zima la samaki la Mwaloni linajua unakwenda Dar. Juzi nilikuwa nageuza dagaa na Mama Nyamisi, unamjua ulimi wake, akaniuliza mbele ya watu, "Mama Limi, huyo mwanao sasa ni daktari?"

Nikamwambia, "Anasomea zaidi ya daktari."

"Atachoma sindano?"

"Sindano za nini? Daktari anatibu mtu mmoja mmoja. Wa kwangu anasoma mafaili ya madaktari wenyewe. Anasoma miguu ya Kanda ya Ziwa yote."

"Miguu inasomwa?"

"Kwa ambaye hajasoma, haisomwi."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha karai. Mama Nyamisi naye hakukubali kushindwa. "Haya, daktari asiyegusa mgonjwa! Mwambie auangalie huu wangu akiwa hukohuko Dar, unanisumbua mvua zikija."

Sikupunguza hata neno, nikaongeza. Mimi nikiwa na kitu kizuri siwezi kukificha. Kibaya ndicho ninachojua kukificha, na hapo ndipo barua yangu inapoanzia.

Unakumbuka wiki iliyopita uliponieleza kazi yako pale mezani? Ulipanga vijiko. Kijiko hiki ni mtu aliyeanza kuumwa miguu kwa sababu mishipa ya damu imeziba, hiki ni mwaka wa kwanza, hiki ni wa tano, hiki ni wa kumi. Ukasema mtasoma kumbukumbu za hospitali, hata zile za vitabuni ambazo sasa zinaingizwa kwenye kompyuta, muone nani alibaki na mguu wake, nani alikatwa, nani moyo ulimfuata, nani alipooza, nani alikufa. Nilikuwa najivuna moyoni. Nikakuuliza ili uendelee kuongea tu, "Na hivi vijiko vingine viwili umeviweka kando kwa nini?"

Ukasema, "Hao ni waliopotea, mama. Mtu anakuja mara moja, mara mbili, halafu jina lake halionekani tena. Hatujui aliishia wapi."

"Mnawafanyaje?"

"Inabidi tuwaache pembeni."

Nikanyanyuka nikaenda kufunua sufuria. Sufuria haikuwa na kitu, Limi. Nilikuwa nimeshaiosha.

Baba yako yumo kwenye hao waliopotea. Yumo mara tatu, na aliyempoteza ni mimi.

Wewe unamkumbuka akiwa mtu wa salamu. Hukumwona kazini kabla ya hapo. Alikuwa anabeba gunia kutoka kwenye mitumbwi mpaka kwenye lori bila kusimama, na akimkuta mtu njiani humwitikia tu kwa mguno. Ulipoingia kidato cha pili akabadilika. Akifika kwa muuza barafu anasimama. "Habari za watoto? Mama hajambo? Shamba vipi?" Akifika kwenye mizani anasimama tena, anamwamkia mzee ambaye alimwamkia asubuhi hiyohiyo. Watu wakasema hatimaye ndoa imemlainisha, nami nikakubali sifa. Kumbe kigimbi cha mguu kilikuwa kinamkaza kama kimefungwa kamba, na akisimama kidogo kinaachia. Salamu zilikuwa mapumziko yake.

Nilipogundua anasimama sana nikamcheka. Nilimwambia mbele ya wabebaji wenzake, "Baba Limi, siku hizi unabeba gunia au unafanya kampeni?" Wakacheka. Naye alicheka. Jioni ile alibeba bila kusimama hata mara moja, kwa ajili yangu, na aliporudi nyumbani alikaa kizingitini muda mrefu akiusugua mguu. Nilimwona, nikapita na beseni langu.

Tulikwenda zahanati ya kwanza. Nilinunua daftari pale dirishani, tukaandikisha Petro Mabula, jina lake la ubatizo na la baba yake. Tabibu alikuwa mzee mwenye koti lililochanika mfuko. Alimvua viatu, akamshika mguu, akaupapasa mpaka gotini. Akasema mishipa ya damu inaziba. Aache sigara leo, si kesho, atembee kila siku, na arudi mwezi ujao apelekwe hospitali kubwa kwenye vipimo. "Mkichezea hili," akasema, "mguu utakatwa." Akayaandika yote kwenye daftari.

Yule mzee alikuwa amepatia yote, mwanangu. Siku ya kwanza kabisa.

Mimi nikasikia neno moja tu, kukatwa. Njiani nikamwambia baba yako kwamba huyu tabibu amezeeka, haoni vizuri. Daftari nikalichukua mimi. Mwezi ulipokwisha hatukurudi. Nilikuwa na imani yangu ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Niliamini daktari akifungua daftari huiga alichoandika mwenzake. Kama wa kwanza ameandika kibaya, wa pili naye ataandika kibaya, mpaka kibaya chenyewe kije kweli. Lakini ukimpelekea daftari jipya, tupu, anaanza upya, na ugonjwa nao unaanza upya, mdogo. Hata leo mkono unasita kuyaandika haya, maana najua unavyocheka. Ila sikuwa peke yangu. Waulize wanawake wa Mwaloni, wakikuamini, watakuambia wana madaftari mangapi chini ya godoro.

Kwa hiyo zahanati ya pili nikaandikisha Shija Mabula. Ni jina lake pia, la nyumbani, la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Kijana wa pale hakumvua hata viatu. Akasema ni misuli kwa sababu ya kubeba mizigo, akampa dawa ya kuchua. Unajua nilivyofanya? Nilifurahi. Nilimnunulia baba yako soda na sigara mbili, nikazikabidhi mimi mwenyewe, kwa mkono huu unaokuandikia.

Kituo cha tatu alikuwa Shija Ngassa, jina la babu yake. Safari hiyo kidole kilikuwa na kidonda. Alijikwaa kidogo tu kwenye jiwe pale ufukweni, na kidonda kikakataa kufunga. Waliosha, wakafunga, wakaosha, wakafunga, wiki baada ya wiki. Hakuna aliyeuliza habari za mishipa, kwa sababu kwenye daftari hilo yeye alikuwa mtu asiye na ugonjwa wowote, aliyejikwaa tu. Mimi ndiye niliyejua. Nilikaa kwenye benchi nimepakata mkoba, najua, na sikusema.

Tulipofika hospitali kubwa mguu ulikuwa mweusi mpaka kifundoni. Daktari akaniuliza, "Mama, tatizo hili limeanza lini?" Baba yako alikuwa amelala kwenye machela, homa imempanda, macho kwangu. Nikasema, "Mwezi uliopita."

Walikuwa wanaandika. Niliiona kalamu ikiandika.

Hilo ndilo linalonitoa jasho tangu ulipopanga vile vijiko. Utakaa huko Dar mbele ya kompyuta, mwanangu mwenye macho makali, na siku moja utafungua faili la mwanaume wa Mwanza, mbeba mizigo, mguu wa kulia. Utasoma: mke anasema tatizo lina mwezi mmoja. Utaijua sauti yangu. Nimeogopa usijue kwa njia hiyo. Nimeona bora uisikie kwangu kwanza, hata kama utanichukia ukiwa bado unaniona.

Ulikuwa kidato cha tano, bweni, Tabora. Nilikwambia kwenye simu baba amejikwaa, usome tu. Ulirudi likizo ukakuta suruali yake imekunjwa na kubanwa kwa pini. Ulisimama mlangoni na begi. Yeye akakuwahi. "Njoo, mwanangu, usiogope. Kiatu cha kulia nimempa mdogo wako Emanuel, mwambie akue haraka kimtoshe." Ulicheka ukilia. Kisha ukanigeukia. Mpaka leo hujasema kitu. Miaka miwili baadaye moyo wake ukasimama, na wewe ulikuwa kwenye mitihani ya chuo, na safari hiyo nayo nilichelewa kukupigia simu. Najua unazo hizo siku kichwani, umezipanga kama vijiko. Sikuombi uzisahau. Nasema tu kwamba nazijua, hata ile siku ambayo ungeweza kumkuta bado anaongea.

Sasa mimi. Ni kama mwaka umepita. Nilikuwa natoka sokoni Kirumba, nikasimama kwa muuza vitambaa nikaulizia bei. Nikatembea kidogo, nikasimama kwa muuza ndala nikaulizia bei. Wa tatu alikuwa anauza vipuri vya baiskeli. Nikajikuta nauliza bei ya mnyororo, na hatuna baiskeli. Nikajishika. Nilijua papo hapo, Limi. Nilijiona mimi ni baba yako anayesalimia watu.

Mimi nina sukari, na sukari hii ninayo kitambo, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba kliniki niliacha kwenda tangu mwaka jana, kwa sababu waliniambia nivue viatu.

Mwezi uliopita kidole cha mwisho kikaanza kubadilika rangi. Nimekuwa navaa soksi nyumbani, ukanitania kwamba nimekuwa mzungu. Siku uliyopata barua ya chuo, ukawa unaruka sebuleni, nami nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja, nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja.

Jumatatu nikafanya kama ninavyofanya. Nikaenda kituo kingine, mbali, ambako hawanijui. Nikapanga foleni, nikanunua daftari jipya. Binti wa dirishani akachukua kalamu. "Jina, mama?"

Nami nina majina. Kwa ubatizo ni Veronika, kwetu ni Ng'wasi, na jina la babu lipo kama nikilitaka. Nilikuwa nimeshachagua nikiwa njiani.

"Mama, jina? Wenzako wanasubiri."

"Ngoja, mwanangu."

"Jina lako nalo linangojewa?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Nikaona vile vijiko viwili ulivyoviweka kando. Nikaona yule binti anataka kuniandika, niwe kijiko cha tatu. Nikaliacha lile daftari pale dirishani, nikatoka.

Jumatano nikarudi kliniki yangu ya zamani na daftari langu la zamani, lenye jina langu na sukari yangu yote. Daktari ni msichana, labda mmepishana mwaka mmoja. Akalisoma lote kuanzia mwanzo, nami kila alipofunua ukurasa nikasubiri aige. Hakuiga. Alinifunga kanda ya presha mkononi, kisha akanifunga kifundoni. Akapaka mafuta ya baridi, akaweka kitu kama kalamu chenye spika. Mguu wa kulia ukalia fwoo, fwoo, fwoo, kama mtu anayepuliza moto. Wa kushoto akatafuta, akatafuta. Ukimya. Halafu mbali sana, kitu kama panya kwenye makaratasi.

"Mama, maumivu yameanza lini?"

Nikafungua mdomo. Unajua lililokuja kwanza? Mwezi uliopita. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza nikasema, "Mwaka mzima, daktari. Na kliniki nimetoroka. Na mume wangu aliumwa ugonjwa huuhuu, nami nikawa nambadilisha majina mpaka akafa."

Akaacha kuandika. Akaniambia, "Asante, mama." Jamani, nimeuza dagaa miaka yote hii, nimesomesha watoto wawili, na hakuna asante iliyowahi kunilemea kama ile.

Sikufundishi kazi yako. Nakueleza tu ninayoyajua kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa dirisha. Hao waliopotea, usidhani wote ni wazembe, na usidhani wote wamekufa. Wengine wapo kituo cha pili, kwa jina la babu. Kawatafute kule. Tafuta mguu, usitafute jina. Mtu wa kata ileile, umri uleule, mguu uleule, kidonda kinachoanza upya kila mahali, huyo ni mmoja. Na ukiona palipoandikwa maneno ya mke, yasome mara mbili. Mke anaogopa kuliko mgonjwa. Mgonjwa ana maumivu ya kumshughulisha, mke hana kitu cha kushika isipokuwa uongo.

Na baba yako, ukimpata, muunganishe. Hao watu watatu ni mmoja, alikuwa na miguu miwili na alikuwa anabeba gunia bila kusimama. Mimi nitakuja kuweka saini mahali popote watakapotaka.

Nimesoma tangu juu nikaona nilipoandika habari za kopo la dagaa na Shinyanga. Hapana. Hilo ni daftari jipya jingine. Nikikuficha mpaka upite Shinyanga nitakuwa nimekuchagulia, kama nilivyokuchagulia wakati wa baba yako. Nitakupa barua hii leo mkononi, ukishakula, zipu ya begi ikiwa bado wazi. Ukae hapahapa jikoni uisome, nami nitakuwa uani. Ukimaliza uniite.

Usije ukatoka huko unalia kwa sauti, Mama Nyamisi atasikia mpaka kwake.

Naogopa, Limi. Naogopa usibaki, na naogopa ubaki. Ukibaki, chuo kinaweza kumpa nafasi mtu mwingine, na nitakuwa nimekula mguu wangu na kazi yako kwa pamoja. Ukienda, nitaamka kule wodini nipapase shuka, na mkono utakaokuwa karibu hautakuwa wako. Ukiniuliza kwa mdomo nitakwambia nenda, na nitasema kwa sauti kubwa. Ukinishika mkono utaona nisivyouachia wako. Vyote viwili ni kweli, usichague kimoja ukasema ndicho mama alichotaka.

Daktari amesema watajaribu kufungua mshipa damu ishuke. Kidole kitaondoka, hicho sina tena. Kama watapanda juu zaidi, amesema watajua wakishafika, na hakuniahidi. Nilimpenda kwa kutoniahidi, ila sijalala tangu hapo.

Baba yako mdogo Lukas anatoka Misungwi na mkewe, nimempigia. Emanuel ameomba ruhusa kazini Geita. Mama Nyamisi amesema atafunga meza yake, na ameshaanza kunitania nani atamgeuzia dagaa. Shangazi Mbuke nilimwambia jana nikamwomba asikwambie mpaka nikwambie mimi, na kama ameweza kunyamaza leo mchana kutwa, basi hiyo ni mara yake ya kwanza tangu azaliwe. Wote nimewapa jina langu moja, lile lililo kwenye daftari, na wodi moja. Basi lako ni kesho Jumamosi, na chuoni unatakiwa Jumatatu asubuhi. Mimi naingizwa chumba cha upasuaji Jumanne saa mbili asubuhi, na wao nimewaambia wafike saa moja, wakati bado naweza kuongea. Wanakuja wote.

Mama yako,
Veronika Ng'wasi